Pikapu ya kuvuta boti: 4x2 inatosha wapi, foo-wili inahitajika wapi

Kwenye lami ya Mombasa hadi Kilifi, pikapu ya 4x2 (injini husukuma tairi za nyuma tu) na ya 4x4, yaani foo-wili (husukuma zote nne), zenye injini moja huvuta boti ileile bila tofauti ya kutaja. Tofauti huanza kwenye mita kumi za mwisho, pale tairi za nyuma zinapokanyaga zege lenye utelezi wa kijani wa mwani au mchanga uliolowa, tela likiwa majini na boti inasubiri kupandishwa. Hapo ukubwa wa injini hausaidii kitu kama tairi hazishiki. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ununue gari gani, jiulize boti yako inashukia na kupandia wapi, na saa ngapi. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayochagua gari.

Tuanze na uzito, maana wengi hutaja uzito wa ganda tu. Chukua boti ya faiba ya mita 6. Ganda lenyewe kilo 700. Injini ya nguvu farasi 115 ni kama kilo 175. Petroli lita 150 ni kilo 110 hivi, kwa kuwa lita moja ina takriban kilo 0.74. Nanga na mnyororo wake, betri, kamba, maboya na kasha la barafu ni kilo 115. Tela lenyewe kilo 400. Jumla ni kilo 1,500, na hapo hujahesabu maji yaliyojaa chini ya sakafu. Kila lita 100 za maji hayo ni kilo 100 nyingine, na zinakaa nyuma kabisa ambako hazifai. Boti ikishatoka majini, fungua kizibo cha nyuma na uyaache yaishe kabla ya kuanza safari ya barabarani.

Sasa mteremko. Miteremko mingi ya zege ya kushushia boti hupanda mita moja kwa kila mita saba au nane. Tutumie saba. Pikapu ya 4x2 yenye dereva na vifaa ina kilo 2,000, na pamoja na tela ni tani tatu na nusu. Sehemu ya saba ya uzito huo, kilo 500, inavuta kurudi majini muda wote. Ongeza kama kilo 60 za kuviringisha tairi. Ili msafara huu upande, tairi zinazosukuma lazima zishike zege kwa nguvu ya kilo 560 au zaidi.

Pikapu tupu ni nzito mbele, kwenye injini. Ekseli ya nyuma hubeba kama kilo 900. Ikiinuka kwenye mteremko, uzito kidogo huhamia nyuma, na shingo ya tela inaongeza wake, kwa hiyo tuseme nyuma kuna kilo 1,100. Zege kavu hushikwa kwa takriban asilimia 70 ya uzito ulio juu ya tairi, yaani kilo 770: gari linapanda bila taabu. Zege lililolowa lakini safi hutoa kama nusu, kilo 550, na hapo uko ukingoni: ukiachia klachi kwa pupa, tairi inazunguka bure. Zege lenye utelezi wa kijani hutoa kama sehemu ya tano, kilo 220. Unahitaji 560, unapata 220. Hakuna ufundi wa udereva unaoziba pengo hilo.

Weka foo-wili mahali pale pale. Gari ni zito zaidi kwa kama kilo 100, kwa hiyo mahitaji yanapanda hadi kilo 575. Tairi za nyuma ziko kwenye utelezi na zinatoa kilo 220 zilezile. Lakini kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ya Hilux ya milango minne ni mita 3.085, na kwenye mteremko mita tatu hizo mara nyingi zinatosha kuziweka tairi za mbele juu ya ukanda wa kijani, kwenye zege safi. Kilo 1,000 zilizo mbele, kwa mshiko wa nusu, zinatoa 500. Jumla ni 720, na boti inapanda.

Hesabu hiyo inaonyesha pia mpaka wa foo-wili, ambao wauzaji hawautaji. Kama gari lote limeingia kwenye utelezi, tairi zote nne zinatoa sehemu ya tano ya kilo 2,100, yaani 420, chini ya zile 575. Foo-wili nayo itakaa pale inazungusha tairi na kung'arisha zege. Faida yake kubwa kwenye mteremko ni kwamba tairi mbili ziko mahali pazuri kuliko zile nyingine. Ukizishusha zote mahali pabaya, umeipoteza.

Hendibreki na tairi mbili

Kuna jambo moja ambalo limezamisha magari mengi, na nguvu ya kuvuta haihusiki kabisa. Hendibreki ya pikapu hufunga tairi za nyuma tu. Kwenye 4x2, ukizima gari ukaliacha ndani ya gia, au ukaweka P kwenye otomatiki, unafunga tairi za nyuma zilezile. Ukikanyaga breki ya mguu unafunga zote nne, na za mbele ziko kwenye zege kavu, kwa hiyo gari limetulia. Dereva anaamini limesimama salama, anaweka hendibreki, anafungua mlango ashuke kumsaidia mwenzake kwenye winchi. Mguu ukitoka tu kwenye breki, gari linabaki limeshikwa na tairi mbili zilizo kwenye utelezi. Linaanza kuteleza polepole, tairi za nyuma zimefungwa hazizunguki hata kidogo, na linaingia majini mzimamzima.

Foo-wili iliyotiwa 4H (tairi nne, mwendo wa kawaida) au 4L (tairi nne, gia nzito) inaunganisha shafti ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo hendibreki au gia inazuia pia ekseli ya mbele. Huo ni usalama wa kweli, ilimradi uweke 4x4 kabla ya kurudi nyuma kuelekea majini. Ukisubiri hadi uanze kuteleza, umechelewa. Kwa gari lolote kati ya hayo mawili, utingo aweke kabari za mbao chini ya tairi za mbele, upande wa kuelekea majini, kabla dereva hajaondoa mguu kwenye breki. Zifungwe kamba kwenye bampa la mbele ili zifuate gari linapoondoka, zisiachwe njiani zikapandwa na tairi za tela.

Bamvua, maji mafu na ukanda wa kijani

Mwani laini unaoteleza haukai kila mahali. Unaota pale panapolowa muda mrefu, kuanzia kama katikati ya kujaa na kupwa kwenda chini. Sehemu ya juu, inayofikiwa na maji kwa muda mfupi tu wakati wa kujaa, hukauka kwa jua kila siku na inabaki na mshiko. Kwa hiyo mwenye 4x2 anayefuata saa za maji anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukwama, na mwenye foo-wili asiyezifuata akakwama wiki ya kwanza.

Pwani yetu, siku za bamvua, yaani za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, hata kukaribia nne. Kwenye mteremko wa moja kwa saba, mita tatu za kina ni mita 21 za zege. Unapofika maji yamejaa, tairi zako ziko juu pakavu. Ukirudi yamekupwa, unalifuata tela mita 21 chini, ndani kabisa ya kijani, na wakati mwingine zege limekwisha na mbele yake ni tope au shimo lililochimbwa na mapanga ya injini za boti. Tairi la tela likitumbukia nyuma ya ukingo huo, hata trekta litapata kazi.

Dar es Salaam na Mombasa, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji kwa kawaida hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Anayeshusha boti saa kumi na mbili asubuhi bado anayakuta maji juu. Akipanga kurudi kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri, atayakuta yamepanda tena. Akirudi saa tano asubuhi kwa sababu samaki hawali, ajue anarudi wakati mbaya kuliko wote, na ni heri atie nanga asubiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hizo hugeuka, lakini tofauti ya kina ni ndogo na ukanda wa kijani hauonekani sana. Jedwali la maji la bandari iliyo karibu nawe lina thamani kubwa hapa kuliko ekseli ya mbele.

Mwenye 4x2 ana njia nyingine mbili. Ya kwanza ni magunia manne ya mchanga ya kilo 50, yakipangwa juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Kwenye zege lililolowa, kilo 200 hizo zinaongeza mshiko kwa kilo 100, zinajigharimia zenyewe kilo 30 za mteremko, na zinakutoa kwenye ule ukingo wa 550. Kwenye utelezi wa kijani zinaongeza kama kilo 40 tu, kwa hiyo usizitegemee hapo. Ya pili ni bora zaidi: gari libaki juu pakavu, na tela livutwe kwa mkanda wa mita 12 hadi 15 uliofungwa kwenye chasisi. Tela lazima liwe na gurudumu la shingoni, na njia iwe imenyooka. Mkanda uwe umeandikiwa mzigo mara tatu ya uzito wa tela, na asisimame mtu yeyote kwenye mstari wake, kwani ukikatika hurudi kama fimbo. Tela likifika juu, kabari kwanza, ndipo ulifunge kwenye gari.

Mchanga

Kwenye fukwe zisizo na zege, ambazo ndizo nyingi kati ya Kigamboni na Watamu, mjadala ni mfupi: nunua foo-wili. Mchanga mkavu ulio laini, kwa upepo wa tairi wa barabarani, unaweza kula sehemu ya tano ya uzito wote kwa kuviringisha tairi tu. Kwa tani tatu na nusu ni kilo 700, hata pakiwa tambarare. Tairi za nyuma za 4x2 zikishika kwa nusu ya uzito wake hazifiki 550. Foo-wili inapata zaidi ya 1,000. Na tairi za tela, ambazo ni nyembamba na hazisukumwi na chochote, hulima mchanga kama jembe. Hizo ndizo zinazokwamisha watu.

Hata hivyo foo-wili yenye upepo wa lami hukwama pia. Punguza tairi za gari kutoka psi 32 au 35 hadi 16 au 18, na za tela nazo uzipunguze, jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau. Tairi hurefuka chini na kuelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Nenda polepole, usikate kona kwa nguvu, tairi isije ikachomoka kwenye rimu. Usisimame kwenye mchanga mkavu: simama kwenye ule mgumu, uliolowa na kuachwa na maji. Ukihisi tairi zinaanza kuzama, acha mafuta mara moja. Kila mzunguko wa bure unachimba, na difu ikishakaa juu ya mchanga umehama kwenye udereva umeingia kwenye koleo. Beba pampu ya volti 12 ujaze upepo tena kabla ya lami, maana tairi laini kwenye mwendo wa kilomita 80 huchemka na kupasuka.

Ziwa Victoria lina tabia nyingine. Hakuna kujaa na kupwa kwa kusumbua, kwa hiyo ukanda wa utelezi unakaa palepale mwaka mzima na unaweza kuusugua kwa brashi ya waya na kuumaliza. Shida ya mialo mingi, yaani fukwe za kutulia boti, ni tope, hasa masika, na magugu maji yanayosukumwa na upepo hadi ufukweni. Mwanza, Kisumu au Bukoba uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini ya dizeli isiyo na tabo, kama 1HZ ya Land Cruiser za zamani, hupoteza huko takriban sehemu ya kumi ya nguvu yake. Ile yenye tabo haisikii sana.

Klachi na 4L

Foo-wili ya kweli inakupa kitu cha pili ambacho hakizungumzwi vya kutosha: gia nzito, ile ya 4L. Kwenye Hilux inazidisha nguvu ya kila gia mara 2.566. Pikapu ya 4x2 ya gia za mkono ikipanda na tani moja na nusu nyuma hailimudu gia la kwanza bila kuteleza klachi, kwa kuwa hata kwa mwendo wa injini wa chini kabisa gari linataka kwenda haraka kuliko mteremko unavyoruhusu. Dereva anaishika klachi nusu, anaongeza mafuta, na baada ya sekunde chache unasikia ile harufu kali ya klachi inayoungua. Mara tano au sita za namna hiyo zinaweza kuimaliza. Kwenye 4L unaachia klachi yote, gari linatambaa lenyewe, na mguu wako unabaki huru kwa breki. Ukiamua kuchukua 4x2 kwa kazi hii, otomatiki ni afadhali. Na gari dogo la aina ya RAV4, ambalo ekseli yake ya pili huunganishwa na kompyuta tu pale tairi zinapoteleza, halina 4L. Kiunganishi chake hupata joto kikilazimishwa muda mrefu, na kikichemka kinajizima kukuachia tairi mbili.

Kuna kosa moja la 4x4 la kuepuka. Ukifika juu kwenye lami kavu, irudishe 2H (tairi mbili za nyuma) kabla ya kukata kona. Kwenye foo-wili za kawaida za Hilux, D-Max au Ranger, shafti mbili zikiwa zimeunganishwa, tairi za mbele na nyuma haziwezi kupita njia za urefu tofauti kwenye kona, mfumo unajikaza, usukani unakuwa mzito, na kinachovunjika ni mahali ghali.

Ambapo foo-wili haisaidii

Haisaidii kusimama. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki zake, na boti yetu ya mfano ni mara mbili ya hapo. Hilux ya lita 2.8 ya 4x4 na Land Cruiser 79 zimeandikiwa katika baadhi ya masoko kuvuta hadi kilo 3,500, lakini hiyo ni kwa tela lenye breki, na namba hubadilika kwa nchi, injini na giaboksi. Soma kitabu cha gari lako mwenyewe. Soma pia ile namba ya uzito wa jumla wa gari na tela pamoja, kwa sababu vyuma vya foo-wili vinahesabiwa humo, na 4x2 ya injini ileile wakati mwingine ina nafasi kubwa zaidi ya mzigo.

Wala haisaidii tela linaloyumba. Shingo ya tela la boti iwe na asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote, yaani kilo 75 hadi 150 kwa mfano wetu. Ipime kwa mizani ya kupimia watu, shingo ikiwa kwenye kimo chake cha kuvutwa. Ikiwa nyepesi, sogeza nguzo ya winchi na boti mbele sentimita kumi kumi na upime tena. Ikizidi, rudisha nyuma.

Kwa hiyo anayetumia mteremko wa zege unaotunzwa, anayepanga siku yake kwa jedwali la maji, achukue 4x2 iliyoinuliwa, yenye kufuli ya difu ya nyuma (inayozifanya tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja) kama inapatikana, na tofauti ya bei aitie kwenye breki za tela na tairi mpya. Hilo si chaguo la mnyonge. Anayetumia ufukwe, mwalo wa tope, au anayelazimika kutoka saa yoyote mteja anapotaka, achukue foo-wili yenye 4L, na asibabaishwe na mafuta ya ziada.

Ukinunua foo-wili iliyotumika, ingia uvunguni. Hakikisha propela shafti ya mbele ipo, kwani wapo wanaoifungua ili kuokoa mafuta. Peleka gari kwenye changarawe, weka 4H kisha 4L, na uone tairi za mbele zinavuta kweli. Taa kwenye dashibodi peke yake si ushahidi. Mfumo uliokaa miaka bila kutumiwa hukwama kwa kutu, ndiyo maana inafaa kuuendesha kilomita kumi na tano kwenye barabara ya vumbi kila mwezi. Fungua nati ya oili ya difu: oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Huingia kwa njia rahisi sana. Difu au beringi ya tela ikitumbukizwa majini ikiwa bado ya moto kutoka safarini, hewa ya ndani hupoa ghafla, husinyaa, na kufyonza maji kupitia kwenye sili. Kwa hiyo ukifika, chomoa waya wa taa za tela, subiri dakika 20, gusa kapu la beringi kwa kiganja, na ushuke pale tu lisipokuunguza. Jioni, osha kwa maji baridi ya bomba ndani ya rimu, juu ya springi na ndani ya chasisi, kisha pampu grisi kwenye beringi hadi ile ya zamani itoke.